Choo cha Mheshimiwa Utulivu

Nchi hiyo ipo, wala si mbali, ila jina lake limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ametoka kidogo kwenda kula. Basi tuiite nchi tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mabomba ya maji kila mtaa, marefu, yaliyonyooka, yaliyopakwa rangi ya buluu kila mwaka. Kilichopungua ni maji, nacho ni kitu kidogo. Na ina paka.

Paka huyo aliletwa na taifa rafiki akiwa mdogo wa kuenea kofiani. Ikulu ikamlisha. Ikulu, sikwambii, ikilisha inalisha. Mwaka wa tano alikuwa amefikia kimo cha mbuzi wa Idi, wa kijivu, mwenye shingo kama ya bondia na macho ya mtu aliyesoma faili lako. Mlezi Mkuu wa Nchi, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala, alimpa jina la Utulivu. Redio ikawa inafungua taarifa ya habari kwa kutangaza kwamba Utulivu amelala vizuri, na wananchi wakisikia hivyo wanashusha pumzi, maana siku iliyotangazwa kwamba amepiga chafya maduka yalifungwa saa nne asubuhi.

Miaka yote hiyo Utulivu alikuwa akienda haja kwa ustaarabu. Alitoka nyuma kwenye bustani, akachimba kishimo, akamaliza shughuli yake, akafukia, akarudi ndani bila kumsumbua mtu. Kisha ukaja Mwaka wa Kupanda Miti. Bustani ikang'olewa yote, ikasakafiwa kwa saruji, ikasimamishwa sanamu ya mti.

Paka alizunguka siku tatu akitafuta mahali. Siku ya nne, mbele ya mabalozi, alipanda mezani, akachimbachimba ndani ya kurasa za Hotuba ya Hali ya Taifa, akajisaidia hapo hapo, akafukia kwa ukurasa wa tano hadi wa tisa. Hakuna aliyecheka. Mabalozi walipiga makofi, wakidhani hotuba imekwisha.

Jioni hiyo hiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchagua Choo Kinachofaa kwa Paka Mkubwa. Wajumbe thelathini na mmoja, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kufuga paka. Sharti lilikuwa hilo, kuepuka mgongano wa maslahi.

*

Hapo ndipo anapoingia Sikudhani, na ni yeye tutakayefuatana naye, maana wajumbe wenyewe wanatembea kwa msafara na kwa miguu hatutawapata.

Sikudhani alikuwa mchekechaji wa mchanga. Waashi wa mji mzima walimjua: ukitaka plasta isiyo na kokoto, mchanga wako upite kwenye chekeche lake. Aliishi Mtaa wa Bomba Refu na mama mkwe wake, Bi Msimu, kikongwe ambaye nuru ya macho ilikuwa ikimtoka polepole. Mumewe aliitwa Chande, fundi baiskeli, mpole, na hakuwa na kosa lolote isipokuwa moja. Aliuliza swali.

Ilikuwa kwenye mkutano wa hadhara, miaka kumi na moja nyuma, jua la utosi. Kiongozi alimaliza kusema, akauliza kama kuna mwenye swali, kama watu waulizavyo wageni kama wameshiba. Chande akasimama, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasema, "Maji yatatoka lini?"

Kiongozi alitabasamu. Akasema hilo ni swali zuri mno, la kizalendo, na swali la namna hiyo halistahili jibu la juu juu. Afuatane na wale vijana hadi Idara ya Majibu, akajibiwe kwa ukamilifu. Chande akapanda gari la kijani. Ufunguo wa nyumba ulikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Ulikuwa mmoja tu, wa shaba, na kichwani aliuzungushia waya wa breki ya baiskeli mara saba ili asiupoteze.

Sikudhani aliporudi jioni alikuta kufuli. Alingoja hadi magharibi, kisha akang'oa tumbuu, ile pete ya chuma ya mlangoni, akaingia. Kufuli likabaki limeiuma pete yake kinywani. Akalitundika msumarini kando ya mlango, na hadi leo hii ninayokusimulia halijafunguliwa.

Ukienda kuuliza Idarani, kwenye dirisha lililo nje ya geti, unaambiwa hapa hakuna mtu aliyepotea. Sikudhani alipewa kadi, nayo anaifanyia upya kila Januari. Jina la Mume: Chande. Hali ya Mume: Anaendelea Kujibiwa. Kwa hiyo hakuwa mjane, wala hakuachwa, wala hakuwa na mume. Waliokuja kumpa pole walirudishwa na mjumbe wa mtaa: pole ya nini, mtu yuko ofisini? Hitima ilipotaka kusomwa, akatakiwa cheti cha kifo. Eda ya mjane hakukaa. Huwezi kukaa eda ya mtu anayejibiwa. Nyumba ile ikawa imesimama mguu mmoja, kama kuku kwenye mvua, mwaka hadi mwaka.

Kila Ijumaa alilipaka kufuli mafuta ya nazi, kusudi lisishike kutu, mwenyewe asije akarudi na ufunguo wake likamkatalia. Na Bi Msimu, kila Ijumaa, kutoka mkekani, huuliza, "Kufuli umelipaka, mwanangu?"

"Nimelipaka, mama."

Saa sita mchana, pasipo hata upepo wa kutikisa jani la mpapai, kufuli lile hucheza msumarini. Linakwenda, linarudi. Wao wawili huliangalia, Bi Msimu akiliangalia kwa masikio.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Dakta Mwambegu, ambaye shahada yake ilihusu namna kimo cha kiti kinavyoathiri ukweli wa anayekikalia. Alimwita Sikudhani Ikulu, akamwambia kwamba chekeche lake limechunguzwa na vyombo husika, na matundu yake yameonekana kuwa ya kizalendo. Kuanzia leo yeye ni Mchekechaji Mkuu wa Jamhuri. Akamwomba asilie kwa furaha.

Sikudhani hakulia. Alikubali kwa sababu moja: Idara ya Majibu ilikuwa ndani ya uzio huo huo wa Ikulu, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuvuka geti.

Choo cha kwanza kilikuwa cha marumaru, chenye maandishi ya dhahabu. Utulivu aliingia, akateleza, akasimama, akawatazama wajumbe mmoja mmoja hadi wakaanza kutoka ukumbini bila kuagana. Cha pili kilikuwa na paa, mlango na nembo ya taifa. Daktari wa mifugo, kijana aitwaye Mosi, alionya kwamba paka mkubwa hapendi kufunikwa, anataka kuona nani anakuja. Mjumbe mmoja akamjibu kwamba katika nchi hii mambo nyeti yote hufanyiwa chini ya paa. Paka aliingiza kichwa, akakitoa kinyumenyume, manyoya yamesimama kama brashi ya kusugulia chupa.

Ndipo Mosi akaruhusiwa kusema anachojua, baada ya kusaini kwamba hakijui. Akasema urefu wa choo uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka. Ukingo mmoja uwe mfupi wa kuingilia. Kisifunikwe, kisipakwe manukato, kiwekwe mahali patulivu. Wakampima paka, watu wanne na futi kamba moja: futi nne bila mkia. Choo kikatoka futi sita kwa mbili na nusu.

Kazi akapewa Fundi Sudi, seremala wa Ikulu. Sasa Fundi Sudi, masikini, kwa miaka mingi alikuwa akipata oda za aina moja tu, na mkono huenda unakozoea. Sanduku lilipoingizwa getini mabegani mwa watu wanne, walinzi walivua kofia. Dakta Mwambegu alifungua mdomo kuuliza nani amefariki, kisha akakumbuka kwamba hajasaini kibali chochote.

Ikabaki cha kutia ndani. Mchanga wa pwani paka aliukataa, akasusa na maranda, na kokoto zenye harufu ya waridi zilizokuja kwa ndege alizipiga teke. Mosi akasema, kwa sauti ya chini kama anayeungama:

"Paka hupenda udongo uliokwisha kufukuliwa. Laini, usio na mawe, uliopitiwa na jembe zaidi ya mara moja."

Katibu wa Tume aliandika. Na katika nchi ile, kikishaandikwa ni amri.

*

Waraka Namba Saba ukatoka, kurasa ishirini na mbili. Kila wizara, idara na wakala ilete debe moja la udongo wake laini kuliko wote, pamoja na fomu nakala tatu. Mahali ulipotolewa. Kina cha shimo. Ulifukuliwa mara ngapi. Na nani. Kwa shughuli gani. Nafasi itakayoachwa wazi itahesabiwa kuwa hujuma. Mshindi ataitwa Idara Laini ya Mwaka, na bosi wake atakaa safu ya mbele.

Hapo ndugu zangu watumishi walishikana koo. Kilimo wakaleta udongo mgumu kama tofali, maana haukuwa umeguswa tangu uhuru. Wizara ya Maji wakaleta vumbi la mitaro ya mabomba, wakajaza "mara ngapi" kwa fahari: mitaro ile ilichimbwa na kufukiwa kila mwaka wa bajeti.

Wa mwisho alikuwa Kanali Ndubwi, Mkuu wa Idara ya Majibu, mtu nadhifu mwenye kofia kubwa, mtu asiyependa kushindwa na Kilimo. Debe lake likafunguliwa. Udongo mwekundu, laini kama unga wa muhogo. Dakta Mwambegu akaisoma fomu kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka.

Mahali: Bustani ya Majibu, nyuma ya ofisi. Kina: futi nne. Ulifukuliwa mara ngapi: arobaini na moja. Na nani: watumishi wa zamu. Kwa shughuli gani...

Hapo wino ulikuwa na doa. Yaelekea Kanali alisita. Lakini nafasi wazi ni hujuma, na yeye hujuma alikuwa akiijua kwa undani kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameandika: Kukamilisha majibu. Sahihi, muhuri, tarehe.

Sikudhani alikuwa amesimama ukutani na chekeche lake. Akalikumbatia kifuani. Wajumbe thelathini na mmoja waliangalia mezani. Kila mmoja wao alikuwa na jirani, binamu au mwalimu wake wa zamani anayeendelea kujibiwa. Na katika kimya hicho, bomba la chooni, upande wa pili wa ukuta, lilikohoa. Kikohozi kidogo cha kusafisha koo.

"Makofi," akasema Dakta Mwambegu.

Wakapiga makofi. Kanali akainama.

Paka aliletwa. Alipita kwenye madebe arobaini bila hata kunusa, alipofika kwenye debe jekundu akaketi chini, akafumba macho. Saa mbili usiku redio ikatangaza kwamba Utulivu ameridhia.

*

Kwa siku tatu mikokoteni ilitoa udongo Bustani ya Majibu, na Sikudhani akachekecha pale uani, chini ya jua, akilindwa na askari wawili. Shaa, shaa, shaa. Kilichopita kikaitwa Malighafi. Kilichobaki juu ya chekeche, kwa mujibu wa Waraka, ni Masalia Magumu, nacho hutupwa.

Kifungo cha shati kilibaki. Kisha kioo cha miwani, na kisigino cha kiatu. Likabaki jino. Vikabaki na vitu vingine, vyeupe, vyepesi, ambavyo mkono wake ulivitambua kabla hajaviruhusu kichwani. Askari wa kwanza alitazama mbinguni, akasema inaonekana kuna mvua. Hapakuwa na wingu hata moja. Utulivu aliketi kando ya chekeche mchana kutwa. Kila kitu kilipobaki juu, alinyoosha mkono wake mkubwa, akakigusa kidogo, akaurudisha kifuani.

Sikudhani hakutupa kitu. Alitandika kanga nyeupe ndani ya lile sanduku la Fundi Sudi, chini kabisa, akavipanga humo kimoja kimoja, juu akamwaga ule udongo laini uliochekechwa. Askari wa pili aliona yote. Kesho yake alimletea jora la bafta nyeupe, ile ya sanda, jipya, halijakatwa, akamwambia ni la kufutia jasho. Hakumtazama usoni.

Siku ya tatu, saa sita juu ya alama, ukabaki ufunguo.

Haukulia. Ulilala juu ya waya kama mtu aliyefika kwake. Wa shaba, na kichwani mabaki ya waya wa breki. Sikudhani alipitisha mkono kama anayefuta mdomo, akautia chini ya ulimi, akasikia ladha ya udongo na ya kitu kingine kisicho na jina. Halafu akaendelea. Shaa, shaa. Mkono ukisimama, askari hulazimika kuuliza kwa nini, na yule wa pili hakustahili mtihani huo. Baadaye aliufunga kwenye pindo la kanga yake.

Ilikuwa Ijumaa. Alipofika nyumbani Bi Msimu aliuliza kuhusu kufuli, naye akajibu kwamba ameshalipaka. Alikuwa hajalipaka. Alikuwa ameketi mbele ya kufuli, nalo mbele yake, kama watu wawili waliojua siri moja na kila mmoja akimngojea mwenzie aanze. Funguo za shaba ni nyingi, alijiambia, na nyaya za breki ziko kila gereji. Kwanza aliogopa ufunguo ukatae. Alipokaa zaidi akagundua kwamba anaogopa ukikubali. Akaamka, akafunga pindo lake vizuri, akaenda kupika.

*

Uzinduzi ulikuwa na bendi, watoto wa shule na utepe. Mlezi Mkuu akakata. Utulivu akapanda ukingo mfupi, akaingia, akazunguka mara tatu. Taifa zima likabana pumzi redioni.

Akaketi. Akaunganisha mikono yake ya mbele, akamtazama Mlezi Mkuu. Hakufanya haja. Alikaa hivyo adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, bendi ikaishiwa nyimbo. Kesho yake vile vile. Alishuka mara moja tu, akaenda hadi kiti cha safu ya mbele, akajisaidia ndani ya kofia ya Kanali Ndubwi, akafukia kwa hati ya Idara Laini ya Mwaka, akarudi kuketi. Tume iliandika kwamba hilo ni suala la muda.

Kisha yakaja mabomba.

Katika nchi ile nzima, mabomba ya Ikulu peke yake ndiyo yaliyokuwa na maji. Siku ya pili, saa sita, yalikoma. Badala yake yakatoa udongo. Mwekundu, laini, uliochekechwa. Ulianzia vyoo vya wageni, ukaja jikoni, ukaishia bafuni kwa Mlezi Mkuu mwenyewe, akiwa na sabuni machoni. Mafundi wakafungua mabomba, wakayakuta matupu na safi. Wakayafunga. Udongo ukatoka.

Udongo wenyewe si kitu, watu wangeuzoea. Watu wa huko wamezoea mengi. Lililowanyima usingizi ni sauti iliyoutangulia. Kila bomba, kabla ya kumwaga, lilikohoa kidogo, kama mtu aliyesimama mkutanoni na kusafisha koo ili aulize. Kisha swali halikuja. Waziri mmoja alishinda siku nzima ameegemea sinki, akisubiri liulizwe amalize. Mwingine alianza kujibu vitu ambavyo hajaulizwa, akataja majina, ikabidi apelekwe likizo. Na wafagiaji wakasema ya kwamba vikohozi havifanani. Kimoja ni cha mzee, kingine cha mwanamke, kingine cha kijana ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika. Mfagiaji mmoja alianza kuzihesabu tofauti zao, alipofika thelathini na kitu akaomba uhamisho.

Tume ikakaa. Ikaamua kwamba kwa kuwa mabomba yana swali, Kanali Ndubwi ayajibu. Kanali akasimama mbele ya sinki, bila kofia, akasoma tamko la kurasa nne. Bomba lilimsikiliza hadi mwisho. Kisha likakohoa tena, kwa upole, kama mtu anayesema samahani, bado sijaelewa, na udongo ukajaa juu ya karatasi hadi vidoleni mwake. Toka hapo Kanali alionekana akizunguka na fomu tupu, akimwomba kila anayekutana naye amuulize chochote.

Siku ya sita Mlezi Mkuu alishuka uani mwenyewe, amevaa kanzu ya kulalia, ilhali ni mchana. Alimkuta Sikudhani amechuchumaa kando ya sanduku. Paka alikuwa ndani, macho wazi.

"Huyu paka anataka nini, mama?"

"Anangoja, Mheshimiwa."

"Anangoja nini?"

"Kujibiwa."

Mlezi Mkuu akautazama ule udongo. Urefu wake, upana wake. Bomba la kumwagilia lililokuwa nyuma yake lilikohoa, naye akaruka kama aliyeguswa bega. Akasema sanduku liondolewe na vilivyomo, leo hii, kabla ya jua kuzama.

Dakta Mwambegu, aliyekuja mbio, akauliza lipelekwe wapi. Ukitaja mahali pa kulipeleka, maana yake unajua ni nini. Wakatazamana, hadi Sikudhani akasimama, akakung'uta magoti.

"Waraka unasema, Mzee. Kifungu cha kumi na nne. Udongo uliokwisha tumika utafukiwa na mchekechaji, mbali na visima."

Kifungu hicho kilikuwa kimenakiliwa kutoka kwenye kijitabu cha wafuga paka, na katika Jamhuri nzima alikuwa amekisoma mtu mmoja tu. Dakta akaufungua Waraka, akakikuta.

"Lakini ni choo cha paka tu," akasema Mlezi Mkuu. Alisema kama anayeomba.

"Ni choo cha paka tu, Mheshimiwa," akasema Sikudhani.

*

Wakalibeba wanne: Fundi Sudi, Mosi, na wale askari wawili. Sikudhani akatangulia, na nyuma ya wote, mkia wima, akaja Utulivu.

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na sheria ya kuzuia watu kufuata jeneza bila kibali. Lakini hakuna sheria iliyozuia mtu kufuata choo cha paka. Wa kwanza kutoka alikuwa muuza vitumbua wa karibu na geti. Aliona urefu wa lile sanduku, akamwona Sikudhani, akafunika kikaango chake, akaungana nao. Akaja fundi cherehani, akaja mwalimu mstaafu. Mtaa kwa mtaa wanawake walitoka wamejitanda kanga, na wengi wao mkononi walishika kadi ileile, imefanyiwa upya Januari. Hakuna aliyeimba wala kulia. Askari wa barabarani alisimamisha magari, akauliza huo ni msafara wa nani. Akaambiwa wa Utulivu. Akapiga saluti.

Makaburini shehe aliuliza jina la maiti. Kila mwanamke alikuwa na jina, na hakuna aliyediriki kulitanguliza la kwake.

"Sijui ni nani, shehe," akasema Sikudhani. "Kama si wangu, ni wa mwenzangu."

Shehe alifikiri kidogo. Akasema yeye ameletewa choo cha paka, na atakiswalia kama choo cha paka. Akaelekea kibla, watu wakafunga safu nyuma yake, akapiga takbira nne.

Walipomaliza kushusha, kila mtu akatupia udongo mara tatu kwa mkono. Wa mwisho akaja yule paka. Watu wakampisha. Alifika ukingoni, akanusa, akatia mkono wake wa kulia kwenye udongo, akafukia. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha akageuka, akalala juu ya kifusi.

Wakubwa wa nchi ile walikuwa wamefukia mengi. Huyu ndiye wa kwanza kufukia mchana, mbele za watu.

Redio ya jioni ikasema Utulivu yuko mapumzikoni kwa ushauri wa daktari. Tume nayo ilitoa ripoti yake, kurasa mia tatu: choo kinachofaa kwa paka mkubwa kimepatikana, nacho ni kofia ya Kanali, isipokuwa itengenezwe kubwa zaidi. Mabomba ya Ikulu yalinyamaza. Hayatoi udongo, hayatoi maji. Ila wapo wanaosema ukipita karibu saa sita unasikia kama mtu anavuta pumzi.

*

Sikudhani alifika nyumbani alasiri, udongo kwenye kucha. Bi Msimu alikuwa mkekani, uso umeelekea mlangoni. Hakuuliza alikotoka. Mji mzima ulikuwa umeshapita hapo na kumwambia, kila mtu kwa minong'ono yake.

Alilitoa kufuli msumarini. Lilikuwa zito kuliko alivyolijua. Akafungua pindo la kanga, akautoa ufunguo, akaufuta kwa kidole kilichochovywa mafuta ya nazi. Mara mbili aliuelekeza, mara mbili akaurudisha. Ukikataa, ataamka kesho aende akapange foleni ya kadi. Ukikubali, hatakuwa na foleni ya kwenda.

"Mwanangu," akasema Bi Msimu taratibu, "mimi ni mzee."

Akautia. Ukaingia bila kusukumwa, kama unaokumbuka njia. Akauzungusha. Kufuli likasema tki, likafumbua mdomo, na ile pete ya mlangoni iliyoumwa miaka kumi na moja ikadondoka sakafuni, ikabingirika hadi kwenye miguu ya kikongwe, ikatulia.

"Kaingia?" akauliza Bi Msimu.

"Kaingia, mama."

Mzee alivuta kanga yake, akajifunika uso. Sauti ilipotoka chini ya kitambaa, ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayekumbusha kazi ya nyumbani.

"Basi funga mlango."

Sikudhani akausukuma mlango, akakaza komeo kwa ndani. Akatandika mkeka, akaketi, akaanza kuhesabu eda yake: miezi minne na siku kumi.